Mahali Tambarare

Vyuma vilikuwa pale pale, kando ya ukuta wa chumba cha mazoezi. Viwili, sambamba, virefu, vya kumfika mtu kiunoni, na vimefungwa nailoni tangu siku vilipoletwa. Juu ya nailoni mtu alikuwa amefunga utepe mwekundu, na utepe wenyewe ulikuwa umeshaanza kupauka. Mokeira alivitazama kutoka sakafuni alikolazwa kwenye godoro. Mate yalikuwa yakimtoka upande wa kulia wa mdomo, na mkono wa upande huo huo ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefumba. Msichana mwenye koti jeupe alikuwa amepiga magoti anajaribu kuifungua.

"Musimwinue kwa huu mkono," msichana alimwambia Nyamoita, mkaza mwana wa Mokeira, aliyekuwa amechuchumaa kando. "Mukivuta, bega litatoka. Mushike hapa kiunoni."

Jina lake lilikuwa Celestine, na hospitali nzima ile hapakuwa na mtaalamu mwingine wa tiba ya viungo. Nje, benchi lilikuwa limejaa: wazee waliopigwa na kiharusi, vijana waliovunjwa na pikipiki, mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye shingo isiyosimama. Celestine alikuwa anafanya kazi huku anasikiliza kikohozi cha wale waliokuwa wakingoja.

"Kusimama utasimama, mama," alisema. "Lakini sikudanganyi. Kutauma. Utachoka na hujafanya kazi yoyote. Kuna siku utalia na hujui unalilia nini. Huo ni ugonjwa, sio wewe. Mguu utatangulia. Mkono utajivuta. Na ujue mwili una haraka yake. Miezi hii ya mwanzo ndiyo utapata mengi. Ukikaa tu saa hii, utabaki hivyo ulivyokaa."

Mokeira alitaka kuuliza kama mkono ule utachuma tena majani chai. Kichwani maneno yalikuwa mazima kabisa. Yakifika mdomoni yalipondeka, yakatoka mate na vipande.

"Anauliza majani," Nyamoita alimsaidia. "Ni mchumaji wa chai huko kwetu Manga. Hiyo mikono ndiyo ilisomesha bwana yangu."

"Akifanya mazoezi kila siku, mimi naona inawezekana."

Kila siku. Nyamoita alifikiria jinsi walivyofika asubuhi ile, mgonjwa amefungwa kwa leso katikati ya yeye na mwenye bodaboda, mguu uliokufa ukigonga bomba la moshi kila wakikata kona. Tena Celestine alikuwa ameshasema kwamba zamu yao nyingine ingekuwa baada ya miezi miwili, kwa sababu ya ile foleni.

"Na hivi vyuma," Nyamoita akauliza, "si ni vya kujifunzia kutembea?"

"Ni vyenyewe."

"Sasa mbona asivishike?"

"Havijazinduliwa."

Nyamoita alidhani hakusikia vizuri. "Si ni nailoni tu, dada? Nina wembe hapa kwa mkoba."

Celestine alitazama mlango kwanza. "Kuna wageni watakuja kukata utepe. Tarehe imesogezwa, ikasogezwa tena. Siku moja nilifungua nikasimamisha mzee mmoja hapo. Niliitwa ofisini nikaulizwa kama siku hizi mimi ndiye mheshimiwa."

Hakucheka, na Nyamoita naye hakucheka.

Basi Celestine akawafundisha ya kufanyia nyumbani. Aliyaonyesha kwa mwili wake mwenyewe, koti jeupe likipepea. "Tafuteni mahali tambarare. Pagumu, pasiwe na mawe wala matope. Awe na kitu cha kushika huku na huku. Aende mbele, halafu arudi kinyumenyume. Hapo kwa kinyumenyume ndipo goti linajifunza kazi. Na mdomo: ajaze mashavu hewa, atoe ulimi nje, aite a, e, i, o, u, kwa sauti, asione haya. Halafu vidole, kimoja kimoja." Alikuwa amelelewa mjini, kwenye nyumba za walimu zenye varanda. Alisema mahali tambarare vile mtu anavyosema tafuta maji.

Sasa huko Manga tambarare ataitoa nani? Nyumba zimekatiwa ubavuni mwa mlima, na kuku akitaga pabaya yai linaishia kwa jirani. Mtu akisimama uani kwake mwenyewe, lazima goti moja alikunje. Mokeira alijaribu uani, akateleza. Alijaribu kwenye njia ya mgombani, akiegemea migomba, na mgomba mmoja mwororo ukamwacha. Alianguka kifudifudi, gauni limempanda mgongoni, na akalala hivyo hivyo mpaka Nyamoita aliporudi kutoka kituo cha kupimia majani chai. Mokeira alikuwa amelia hadi machozi yakaisha. Kilichomuuma si goti. Kilichomuuma ni kwamba mkaza mwanawe, ambaye kwa desturi hata kitanda chake hakupaswa kukikalia, ndiye aliyemshusha gauni.

Pahali palipokuwa tambarare katika boma lile palikuwa mahali pamoja tu, napo palikuwa na mwenyewe.

Mume wa Mokeira, Joash, alikuwa mzee wa kanisa. Alipofariki, mwana wao Duke alikuwa anapata kazi nzuri za ujenzi Nairobi, naye akaapa kumzika babake kwa heshima. Akachonga mlima upande wa kulia wa nyumba, wanapolazwa wanaume, akasawazisha, akamwaga saruji laini hadi ikang'aa. Ubavuni, huku na huku, akasimamisha vyuma vya bomba vya kumfika mtu kiunoni, ili ng'ombe wasikanyage. Juu akaezeka mabati. Majirani walisema maiti kalala vizuri kuliko mjane wake, kwa kuwa nyumba ya Mokeira sakafu yake ilikuwa udongo na paa lilivuja. Walisema kwa mzaha. Siku zile alikuwa bado mtu wa kutaniwa.

Asubuhi moja Mokeira, aliyekuwa kaketi mlangoni kwenye kigoda, alinyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea kule.

"Apana, mama," Nyamoita alisema. "Hapo apana. Watu hawakanyagi hapo."

"Baba Duke," Mokeira alijikakamua, "ata...kuwa na ma...neno?"

Nyamoita akacheka bila kutaka. Joash alikuwa mtu wa maneno machache hata alipokuwa hai.

Wakapanga lao, na waliona wamepanga kwa busara. Gauni lilikuwa linamtega miguuni, kwa hiyo angevaa suruali kuukuu ya Duke. Na kwa kuwa mama mtu mzima, mjane wa mzee wa kanisa, hawezi kuonekana na watu ndani ya suruali, angefanya mazoezi asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umeshika mlima, kabla wachumaji hawajateremka mashambani. Wangemaliza watu wasijue. Hilo la watu wasijue ndilo waliloliona jema kuliko yote, na ndilo lililowaponza.

Kila kulipopambazuka Nyamoita alimshika kiunoni, akamfikisha kwenye saruji, akamwachia vyuma. Mokeira alikuwa na adabu zake. Kabla hajaweka mguu alisema, "Baba Duke, ni...samehe, na...pita." Halafu akaenda mbele akiburuta, akifika kwenye msalaba wa kichwani anarudi kinyumenyume. Ilikuwa inauma, kama alivyoambiwa. Akichoka aliegemea msalaba, akajaza mashavu, akatoa ulimi, akaita a, e, i, o, u, sauti yake ikipotea ukunguni. Mwishoni alikalia ukingo wa saruji na kuvibembeleza vidole vya mkono wa kulia. Hivyo vilikuwa kaidi, havikusikia la mtu.

Mguu ukaanza kurudi. Mwanzo ulikuwa joto tu la nyayo. Baadaye goti likakubali kubeba. Siku alipovuka saruji yote bila kugusa chuma, Mokeira alisimama akicheka kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, na Nyamoita akapiga vigelegele kimoyomoyo, kwa sababu vya sauti wasingethubutu. Mokeira alifurahi. Hakuwa amefurahi hivyo tangu Duke azaliwe. Sabato iliyofuata alikwenda kanisani kwa miguu yake, na fimbo, na watu wakasimama kumsifu Mungu.

Shemeji yake, Sylvanus, ndugu mdogo wa Joash, hakusimama. Alikuwa ameketi benchi la mbele, kanyoosha mguu mmoja, mkewe Drusilla kando yake. Mguu ule ulikuwa umevimba. Kidonda cha kisigino alichokipata msimu wa kupanda hakikutaka kufunga, na kwenye vidole alikuwa hasikii kitu, hata akikanyaga kaa la moto. Alikuwa anakunywa maji kutwa na bado midomo imemkauka. Alitazama mguu wa Mokeira ukipita, akateremsha macho kwenye wake.

Haikupita wiki nyingi, ng'ombe wa Drusilla akakata kamba mapema asubuhi. Drusilla alimfuata hadi kwenye ua wa Mokeira. Alichokiona akiwa nyuma ya ua hakikuhitaji kutiwa chumvi. Mjane yuko juu ya kaburi, ndani ya suruali ya mwanamume. Anatembea kinyumenyume. Anatoa ulimi. Anamwita marehemu, tena anamwomba kitu, halafu anaanza kulia sauti zisizo za lugha yoyote. Na mkaza mwana amesimama kando, anangoja.

Drusilla alimwacha ng'ombe akarudi nyumbani mbio.

Nyamoita aliyajua kisimani kwanza. Wanawake walinyamaza alipofika, wakaokota mitungi iliyojaa nusu, wakaondoka. Neno omorogi, yaani mchawi, halikutamkwa. Huko neno hilo halitamkwi mbele ya mwenyewe mpaka siku ambayo kutamka tu hakutoshi.

Sylvanus alikuja mchana, kavaa koti lake la kanisani na ndara, kwa kuwa kiatu kilikuwa hakiingii. Alikaribishwa kiti. Nyamoita akamletea chai ya maziwa, nzito, kama alivyopenda.

"Shemeji," alianza, "naona mguu umerudi."

"Ume...rudi."

"Mungu ni mkubwa." Akaunyoosha wake katikati ya chumba, wote wauone. "Huu nao unaenda. Ajabu, eh? Wako unarudi, wangu unaenda. Ulianza lini hayo mazoezi?"

"Baba, tulitumwa na hospitali," Nyamoita alijibu.

"Hospitali ndio walisema kaburi ya ndugu yangu?"

"Walisema mahali tambarare."

Sylvanus alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika. "Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu. Mtu akiwa mgonjwa anauliza. Mwakumbuka yule mama wa ng'ambo ya mto? Yeye pia waliendaga kumuuliza vizuri tu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kama angejibu vizuri, nyumba yake ingekuwa imesimama, na yeye ndani."

Alizungumza kwa upole. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili tangu alipopewa, mpaka maziwa yakatanda utando juu. Kisha akakiweka chini, kimejaa vile vile, akaaga. Katika maisha yake yote hakuwahi kuondoka nyumba ile bila kunywa. Mokeira alikitazama kikombe kile kilichojaa.

Nyamoita akampigia Duke Nairobi. Duke alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama aache hayo mazoezi kwanza."

"Akiacha ataganda. Yule wa hospitali alisema hii ndiyo miezi yenyewe. Na mkono bado."

"Agande. Afadhali nimkute ameganda kuliko nisimkute."

Asubuhi iliyofuata Mokeira alisimama mlangoni, kavaa suruali, akingoja kushikwa kiunoni. Nyamoita alitazama chini. Mokeira aliiegemeza fimbo ukutani akaenda peke yake.

Naibu wa chifu, Bwana Anyona, akaitisha kikao siku ya Jumapili. Siku mbili kabla, Nyamoita alishuka mjini kumtafuta Celestine. Alimkuta palepale sakafuni, na mgonjwa mwingine.

"Kaburini?" Celestine aliketi kwenye kigoda. "Mlimpeleka kaburini?"

"Kuna vyuma huku na huku. Na saruji. Ulisema tambarare."

Celestine alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa akauliza habari za yule shemeji, na Nyamoita akamweleza: kiu, uvimbe, kidonda, vidole visivyosikia moto. "Huyo ana sukari," Celestine alisema. "Sukari imeshika mguu wake. Aje hata leo. Akichelewa watamkata."

"Uje uwaambie wewe. Mimi wataniamini? Uje na hilo koti lako."

Celestine alikwenda kuomba ruhusa. Mlango wa ofisi haukufungika vizuri, na Nyamoita alikuwa kwenye korido.

"Ukifika huko," sauti ya mkubwa ilikuwa inasema, "watakuuliza mgonjwa wa hospitali yetu anafanyia mazoezi kaburini kwa nini. Utajibu nini? Kwamba vyuma tunavyo? Kuna watu wa simu siku hizi, kila mtu anarekodi. Na wageni tumeambiwa ni mwezi ujao, safari hii ni kweli. Celestine, mambo ya uchawi ni ya chifu. Wewe tibu wagonjwa."

"Nitatibu nani kama watamchoma?"

"Hakuna aliyesema watamchoma. Punguza maneno."

Celestine alitoka macho mekundu. Alimpa Nyamoita namba yake. "Mpe huyo naibu wa chifu simu, nitaongea na yeye. Jumapili siitoi simu mkononi." Na hakuitoa. Jumapili Nyamoita alipomnyooshea Bwana Anyona simu, Celestine akiwa upande wa pili anaita halo, halo, Bwana Anyona alitazama ile simu bila kuigusa. "Mimi siwezi kuleta kwa kikao sauti ya mtu simwoni," alisema. "Zima hiyo kitu."

Kikao kilikuwa uwanjani kwa Sylvanus, chini ya jua kali. Wazee walikuwa kwenye viti, wanawake nyasini. Vijana hawakukaa. Walisimama nyuma, wengine hata si wa mtaa ule, na hakuna aliyeuliza wamefuata nini. Mokeira alikalishwa katikati, peke yake.

"Serikali haitambui uchawi," Bwana Anyona alifungua. "Hilo mulijue. Hapa tumekuja kusikizana kama familia. Mama, hebu waeleze watu unafanyanga nini pale."

Mokeira alifungua mdomo. Alikuwa ameyapanga yote usiku kucha: kiharusi, hospitali, vyuma, tambarare, goti. Yalikuja yote mara moja yakakwama. "Ma...zo...mgu...Baba Du..." Mate yakamtoka. Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake karibu.

"Ni mgonjwa, hawezi kusema haraka," Nyamoita alilia. "Nipeni nafasi nieleze mimi."

"Wewe ulikuwa unamshikilia," Drusilla alisema kutoka nyasini. "Utaeleza nini?"

Hapo Mokeira akaona kwamba maneno hayamsaidii tena. Aliitegemea fimbo akainuka. Kama hawezi kusema, ataonyesha. Mtu akiona kwa macho yake kwamba ni mazoezi, ataelewa. Akaenda mbele hatua chache, mguu ukiburura kidogo. Akarudi kinyumenyume kwa makini, jinsi alivyofundishwa. Akajaza mashavu. Akatoa ulimi. Akaita, kwa sauti, bila kuona haya, "A... e... i..."

Uwanja ulirudi nyuma wote kwa pamoja. Kiti kilianguka. Wakati alipofika kwenye u, palikuwa na nafasi kubwa imemzunguka, na mzee aliyekuwa karibu naye alikuwa ameshika kitabu chake cha nyimbo kifuani. Mokeira alitazama nyuso zile. Nusu ya wanawake wale alikuwa amewasaidia kuzaa. Aliketi chini polepole, na woga ambao hakuwa ameujua hata siku ya kiharusi ukamwingia.

Bwana Anyona alinong'ona na wazee kwa muda. Sylvanus alikuwa anausugua mguu wake tu.

"Tumeonelea hivi," Bwana Anyona alisema. "Hatuna ushahidi, na sisi hatuhukumu mtu. Kama huu ni ugonjwa wa Mungu, basi utakaa pale Mungu aliuweka. Lakini huyu mama akiendelea kupata nguvu na huyu mzee anaendelea kupoteza, kila mtu atakuwa amejionea. Na mimi nina eneo kubwa, siwezi kuwa hapa kila siku." Hapo akawatazama vijana, nao wakamtazama. "Vile vyuma vitolewe. Mama akae nyumbani. Wamama wa kanisa watakuwa wanapita kumwona."

"Na mzee apelekwe hospitali," Nyamoita alisema. "Ni sukari! Wameniambia ni sukari!"

"Hospitali ile ile?" Sylvanus aliuliza, na watu kadhaa wakacheka.

Vyuma vilikatwa jioni ile ile kwa msumeno. Vijana walivibeba begani wakateremka navyo, na mmoja alikuwa anapiga mluzi. Katika saruji vikabaki visiki vifupi vyenye ncha.

Mokeira akakaa. Alikaa kigodani asubuhi, alikaa mchana, na goti lililokuwa limejifunza kazi likaanza kuisahau. Nyamoita alimlisha, alimwogesha, alimgeuza. Duke alituma salamu kwamba angekuja Desemba. Zamu yao ya hospitali ikafika, nao hawakwenda, kwa kuwa mtu akionekana anatafuta kupona ingekuwa ni kujitangaza. Mguu wa Sylvanus ukaanza kuwa mweusi. Harufu yake ilikuwa inafika barabarani, na kadiri harufu ilivyozidi ndivyo vijana walivyozidi kupita njia ya kwa Mokeira, bila shughuli, bila salamu.

Wamama wa kanisa walikuja kila Sabato, baada ya ibada, wakiongozwa na Drusilla. Walikuja na nyimbo na vitambaa vyeupe kichwani. Kabla hawajaketi walimtazama Mokeira mguu, halafu mkono.

Sabato hiyo walikuwa watano. Waliimba. Kisha Drusilla akasema tuombe, na wote wakainama, wakafumba macho. Nyamoita alikuwa kapiga magoti kando ya kigoda. Yeye siku hizi hakufumba.

"Bwana wa majeshi," Drusilla alianza, na sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya kuongoza kwaya, "tunamleta mbele yako dada yetu. Wewe uliyemwambia yule kiwete simama, hutashindwa na huyu. Mguse, Baba."

Ndipo Nyamoita akaona ule mkono. Ngumi ya Mokeira, iliyolala mapajani kwenye gauni, ilikuwa inafunguka. Kidole kidogo kilinyooka, kikafuatwa na cha pili. Hakuna aliyekishika, hakuna aliyekivuta. Nyamoita alimtazama Mokeira, na Mokeira alikuwa anautazama mkono wake, machozi yanamtoka, mdomo wake uliopinda unacheka. Kwa muda wa pumzi moja wote wawili wakawa watu wenye furaha kuliko wote mlimani pale.

"Mpe nguvu mkono wake, Bwana," Drusilla alikuwa anaomba. "Aurudishe kazini. Uwaaibishe maadui wote."

"Amina," wamama wakaitikia.

Nyamoita aliukamata ule mkono. Akakikunja kidole kidogo, kikarudi kunyooka. Akakikunja tena, akakibana kwa kiganja, akafuata cha pili, cha tatu, akisukuma kwa nguvu za mtu anayekanda unga, huku ameuma midomo asilie. Vidole vilikuwa na nguvu. Vilimsukuma. Mokeira aliacha kucheka. Aliuleta mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauweka juu ya wa Nyamoita, akamsaidia kubana.

"Katika jina la Yesu."

"Amina!"

Wakafumbua macho. Drusilla aliutazama mguu, akautazama mkono uliofichwa katikati ya mikono mitatu. "Hebu," alisema. Mokeira akauondoa wake wa kushoto, na Nyamoita akaiondoa yake polepole. Ngumi ilikuwa imefumba, imetulia mapajani. Kucha zilikuwa zimezama kiganjani, na Mokeira alikuwa ameshikilia pumzi.

"Bado?" Drusilla aliuliza.

"Bado, mama."

"Mungu ni mwema," Drusilla alisema, akawapa ishara wenzake waimbe wimbo wa kufungia.